Marumaru ya Carrara nje ya ghorofa nane Arusha: jibu kwa mleta mada

Mkuu, umeuliza kama hoteli yako ya ghorofa nane hapa Arusha inaweza kuvalishwa marumaru nyeupe ya Carrara (jiwe la asili toka Italia) toka chini mpaka juu, mabamba ya sentimita 2 yabandikwe kwa gundi, kwa sababu kontrakta kasema ndiyo nafuu. Wadau wamekujaza habari za mvua na vumbi. Mimi kazi yangu ni kufunga mawe, Arusha na Moshi, na hapo mvua naiogopa kidogo tu. Tatizo lako litakuwa jua.

Jiwe lile ni chembechembe za kalisaiti, yaani madini ya chokaa, zilizoshikana. Chembe ikipata joto hutanuka upande mmoja na kujibana upande mwingine, na kila moja imelala kivyake, kwa hiyo zinasukumana. Usiku zikipoa hazirudi zote pale pale, zinaacha nyufa ndogo usizoziona kwa macho. Unyevu ukipenya humo ndiyo kabisa. Miaka ikienda bamba linapinda na nguvu inashuka, na likizidiwa, uso wake unamung'unyika vidoleni kama sukari. Jiwe nene linavumilia. Ndiyo maana ile hoja kwamba mahekalu ya marumaru ya Ugiriki bado yamesimama haikusaidii: yale yamejengwa kwa mawe mazima, hayakuvalishwa.

Hili limeshawakuta wenye pesa na maabara. Jengo la Standard Oil kule Chicago, ambalo baadaye liliitwa Amoco, lina ghorofa 83 na lilivalishwa mabamba kama 43,000 ya Carrara, mengi yakiwa na unene wa milimita 32 hivi. Jengo likiwa bado jipya, bamba moja lilichomoka likatoboa paa la jengo la jirani. Baadaye wakakuta mengine yamepinda na kupasuka, wakayafunga mikanda ya chuma kwa muda, kisha kati ya 1990 na 1992 wakavua yote wakaweka graniti nyeupe. Zaidi ya dola milioni 80 ziliteketea hapo. Toronto nako, First Canadian Place, bamba lilianguka mwaka 2007 na mwisho wake marumaru yote ikabanduliwa, vikawekwa vioo. Helsinki ndio walinishangaza: ukumbi wa Finlandia ulipopinda kuta walibadilisha mwishoni mwa miaka ya 1990 wakarudishia Carrara ile ile. Ikapinda tena.

Utaambiwa huku kwetu hakuna barafu. Sawa, ila tuko nyuzi kama 3 tu kusini mwa ikweta. Jua la asubuhi na la alasiri linaupiga ukuta wa mashariki na wa magharibi uso kwa uso mwaka mzima, na baridi ya usiku wa Arusha unaijua mwenyewe.

Moshi niliitwa kukagua jengo moja, silitaji. Ukuta wa magharibi niliegemeza pima maji juu ya bamba: ncha zinagusa, katikati sarafu ya shilingi 200 inapita. Upande wenye kivuli, mabamba yamenyooka kabisa. Nikagonga kwa mpini wa nyundo, mengi yakatoa mlio mtupu. Tulipobandua moja, gundi ilikuwa bado imeng'ang'ania plasta, na juu yake umebaki unga mweupe. Maana yake gundi haikuachia, jiwe lenyewe ndilo lilichanika. Sasa huyo kontrakta wako akikuahidi gundi kali zaidi, itakusaidia nini?

Na uzito uufikirie. Bamba la sentimita 2 ni kama kilo 54 kwa mita ya mraba, la 3 ni kama 81. Chini ya jengo lako kutakuwa na bodaboda na mama ntilie.

Ningekuwa mimi, marumaru ningeiweka mapokezi, kwenye lifti na ukuta wa chini ulio ndani ya kibaraza. Juu graniti ya sentimita 3, itundikwe kwa braketi na pini za stenlesi, na nyuma yake iachwe nafasi hewa ipite. Waya wa kufungia nondo usiuruhusu hata kwa dawa, ukishika kutu unachora michirizi na kupasua kingo. Silikoni ya kuziba viungo nayo iwe ile ya mawe, ya kawaida inavuja mafuta na kutia doa pembeni.

Kama mwenye mali ameng'ang'ania Carrara, muuzaji alete majibu ya maabara ya nguvu ya jiwe kwenye kupinda: likiwa jipya, na baada ya kupitishwa joto na maji kwa zamu mara nyingi. Akikuletea picha za hoteli za Dubai, achana naye.

Mchoro wa ukuta wa magharibi ukiwa tayari uutupie hapa, nikuoneshe braketi zikae wapi.