Mnaojenga Tanga, pigeni hesabu ya joto kabla ya kuezeka

Jamani mnaojenga huku Tanga, kabla hujamalizana na fundi wa kenchi naomba unisikilize kidogo. Nyumba yangu iko Kange, vyumba vitatu, bati la msauzi rangi ya kahawia iliyokoza, chini yake jipsam, basi. Ikifika mwezi wa kwanza au wa pili, saa nane mchana ukiinua mkono karibu na dari unahisi moto kabisa, na usiku ukuta wa magharibi bado una joto, watoto hawalali mpaka AC iwake. Miezi hiyo umeme wa LUKU ulikuwa unaenda laki na nusu kwa mwezi, wakati kipindi cha kusi natumia elfu hamsini tu.

Mwaka juzi nikaweka foili ya alminiamu, ile karatasi ya kung'aa ya kuzuia joto, chini ya bati. Fundi ikabidi ang'oe jipsam, aingie darini, airudishe, apige rangi upya, jumla milioni moja na laki mbili. LUKU ikashuka mpaka elfu tisini. Yaani naokoa elfu sitini mara miezi minne ya joto, laki mbili na arobaini kwa mwaka, hela yangu inarudi baada ya miaka mitano. Sasa hiyohiyo foili ningeiweka siku ya kuezeka ilikuwa laki tano na nusu, ingerudi ndani ya miaka miwili na kidogo! Hiki ndo kimeniuma.

Marekani wizara yao ya nishati ikitaka kujua kama kanuni mpya za kuokoa nishati kwenye nyumba zinalipa haiangalii tu hela inarudi lini, inahesabu gharama na akiba za miaka 30, na inaangalia pia mwenye nyumba ya mkopo kama akiba ya bili inazidi kile kilichoongezeka kwenye rejesho. Hesabu hiyo tuichukue, ila vitu vyao tusikopi vyote maana kule wanapigana na baridi pia, sisi tunataka upepo upite.

Na kuna vitu havikuongezei gharama kabisa ukiviamua mapema, kuta ndefu ziangalie kaskazini na kusini ili jua la asubuhi na la jioni lisipate ukuta mkubwa wa kuchoma, bati chukua rangi nyeupe. Dirisha la kuslaidi linafunguka nusu tu, mi ningerudi nyuma ningeweka ya kufunguka yote.

Foili iachiwe nafasi ya hewa, ikigandana na bati haisaidii, siku hiyo kasimamie mwenyewe.