Kukaa peke yangu kunawaudhi ndugu zangu

SWALI: Mhariri, mimi ni karani wa hesabu, na tangu ujanani napenda kukaa peke yangu nikiwaza. Sebule ikijaa wageni huchukua kikombe changu cha chai nikaenda kukaa uani, na shangazi hunifuata kuniuliza nimenuna nini. Ndugu wananiona naringa. Sasa nafikiria kuhamia nisikojulikana na kukata mawasiliano nao. Je, nakosea? – Msomaji, Dodoma.

JIBU: Ndugu msomaji, kupenda kuwaza peke yako si ugonjwa wala maringo, kilichonishtua ni hilo la kukata mawasiliano. Imamu Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa akifundisha wanafunzi wapatao 300 mjini Baghdad pale alipojikuta, mwaka 1095, hawezi kutamka neno mbele yao, kwa kuwa shaka juu ya nia yake mwenyewe ilimkaba hadi chakula kikawa hakipiti kooni, na matabibu wakakiri kwamba chanzo kilikuwa moyoni. Aliacha cheo, akagawa mali yake isipokuwa ya kumtosha yeye na wanawe, akaenda Damascus, ambako alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia humo kutwa nzima.

Wengi hukomea hapo wanapoisimulia habari hii. Mwenyewe ameeleza kwamba miito ya watoto wake ndiyo iliyomrudisha kwao, na kwamba huko shughuli za familia na riziki zilimvurugia faragha yake, akawa haipati ila kwa vipindi, lakini hakuacha kuitafuta. Mwaka 1106 alirudi kufundisha, safari hii Nishapur, mji wa Uajemi. Alipoandika juu ya kujitenga alisifu jinsi kunavyomwepusha mtu na usengenyaji na ria, yaani kutenda mema ili aonekane na watu, kisha akaonya kwamba mwenye hasira au husuda hujiona mwema akiwa peke yake, kwa sababu tu hakuna wa kumgusa.

Kwa hiyo uani kwako panatosha, wala huna haja ya kupaombea radhi. Ila shangazi akija, mwambie unachokiwaza, hata nusu yake. Binafsi namtilia shaka mtu anayedai ndugu zake hawamwelewi ilhali hajamfungulia hata mmoja wao moyo wake. Na ikiwa usingizi au hamu ya chakula imeanza kupotea, nenda hospitali kwanza, suala la kuhama uliweke kando mpaka utakapopata nafuu.