Huna chama na unaishi Zanzibar: mambo yaliyonisaidia mie

Mtu akikwambia Zanzibar hakuna watu wa katikati usimuamini. Tupo, ila wengi tumenyamaza kwa sababu hapa kwetu ukisema neno moja watu wanakumalizia wenyewe. Ukisema barabara hii imejengwa vizuri basi wewe CCM, chama tawala, ukiuliza kwanini kijana wa jirani kanyimwa kitambulisho cha Mzanzibari basi wewe ACT, wale wapinzani, na ukiyasema yote mawili kwenye baraza moja ndo kabisa, wewe ndumilakuwili na watu wanaanza kupunguza sauti ukipita.

Mie babaangu mtu wa Makunduchi, kusini Unguja, na mamaangu kazaliwa Wete, Pemba, sasa mtu anaeijua Zanzibar keshaelewa. Kwa kina baba kijani na njano ya CCM toka nimepata akili. Kwa kina mama CUF, chama cha upinzani, na kiongozi wao Maalim Seif alipohamia ACT Wazalendo mwaka 2019 wakahama nae wote, shusha tanga pandisha tanga, na madera ya zambarau yakashonwa wiki hiyohiyo. Pande zote mbili wananipenda na pande zote mbili wananingojea niseme mie wa wapi.

Kwanza uelewe kwanini wanataka sana kujua, maana ukielewa hukasiriki. Angalia matokeo yetu. Kwenye urais wa Zanzibar mwaka 1995 Dk Salmin wa CCM alitangazwa kwa asilimia 50.2 na Maalim akapewa 49.8. Mwaka 2010 Dk Shein, wa CCM pia, 50.1, Maalim 49.1. Rudi nyuma zaidi, Januari 1961, vyama vya kabla ya Mapinduzi: ASP viti 10, Hizbu 9, ZPPP 3, na hao watatu wa ZPPP wakagawika, wawili kwa Hizbu mmoja kwa ASP, ikawa 11 kwa 11 na ikabidi uchaguzi urudiwe mwezi wa sita. Nchi ambayo imegawika hivo kila mtu anaonekana ndo ile kura moja iliyopungua, kwa hivo yule shangazi anaekubana jikoni anakuogopa kuliko anavyokuchukia. Mie nilipolijua hili nikaacha kujibu kwa ukali.

Sasa ushauri wenyewe. Ukiulizwa wa wapi, jibu kwa mambo. Mie nina mambo yangu machache na nayasema popote kwa maneno yaleyale, kwa kina baba na kwa kina mama: naitaka Serikali ya Umoja wa Kitaifa, yaani CCM na wapinzani watawale pamoja, naitaka kura ihesabiwe na itangazwe kama ilivyo, sitaki mtu yeyote anyimwe haki ya kuandikishwa kwa sababu ya chama chake, na habari ya Muungano mie sina tatizo na serikali mbili, ya Muungano na ya Zanzibar, zikirekebishwa. Hilo la mwisho linawaudhi kina mama na lile la kura linawaudhi kina baba. Lakini baada ya muda wanakuzoea, wanajua huyu ndo alivyo, hakuna siri ya kuchimba. Anaeteseka ni yule anaesema hivi akiwa Jaws Corner, baraza la wapinzani, na vile akiwa Michenzani kwenye maskani ya CCM, huyo siku maneno yake yakikutana hana pa kujificha.

Na msikubali kuambiwa kwamba sera ya kati haina watu. Tarehe 31 Julai 2010 tulipoulizwa kwenye kura ya maoni kama tunataka serikali ya pamoja, asilimia 66.4 tulisema ndio. Kijani walikuwemo na CUF walikuwemo. Yale Maridhiano ya Rais Amani Karume na Maalim, walivyokutana Novemba 2009, yalibebwa na watu kama Mzee Hassan Nassor Moyo, mzee wa Mapinduzi ya 1964 kabisa, na Mansoor Yussuf Himid, waziri wa CCM, wakakaa kamati moja na watu wa CUF. Lakini nisikufiche kilichowapata pia: Mansoor alifukuzwa chama 2013 na kiti chake cha Kiembesamaki kwenye Baraza la Wawakilishi kikaondoka hapohapo, Mzee Moyo akafukuzwa 2015. Sheria zetu ndo zilivyo, ukikosa chama umekosa kiti, na bila chama hugombei hata udiwani. Mahakama ya Afrika pale Arusha ilishasema Juni 2013, kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki za watu, na mpaka leo hatugombei. Kwa hivo ukijihisi huna nyumba kisiasa, si moyo wako tu unaokudanganya, hata kisheria hujajengewa.

Hapa pana jambo linaniuma na nataka nilikalie kidogo. Kuna watu wanadhani ukiwa wa katikati basi kila ugomvi lazima useme "wote wana makosa". Hapana. Tarehe 28 Oktoba 2015 Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alipofuta uchaguzi mzima huku matokeo yanaendelea kutangazwa, hapakuwa na kati pale. Nilisema ni dhulma na nilisema mbele ya ami zangu, pakawa kimya na chai ikapoa. Halafu baada ya marudio ya Machi 2016 Pemba watu wakaanza kususiana, hununui duka la mtu wa chama kile, humpandishi kwenye gari, huendi kumzika, na hilo nalo nikalisema kwa kina mama kwamba ni dhulma vilevile, marehemu hakufuta kura ya mtu. Walinikasirikia. Sikuyapima ili yawe sawasawa, kila moja nililisema lilipotokea na kwa waliokuwa wanalifanya au kulitetea.

Hilo la maziko ndo ushauri wangu mkubwa kuliko yote. Nenda. Msiba wa mtu wa chama kile nenda mapema, kaa, pika, osha vyombo, rudi na siku ya khitma. Harusi vilevile, na ukipewa sare ya rangi ambayo ina chama ndani yake mwambie mwenye shughuli kwa upole kuwa utavaa yako, mie sijawahi kugombana na mtu kwa hilo. Bibi zetu wanatuhadithia zama za siasa, kabla ya Mapinduzi, jinsi watu walivyosusiana madukani mpaka misikitini, na mambo yale yalianza hivihivi kidogokidogo.

Magrupu ya wasap: ya siasa toka yote, ya ukoo baki hata yakichafuka. Ikianza vita andika kuuliza hali ya mgonjwa au mtoto aliezaliwa. Usifowadi klipu ya upande wowote mwezi wa uchaguzi, hata ikiwa ya kweli, kwa sababu ukiirusha wewe inasomwa kama kadi ya chama.

Na kupiga kura piga, usikae nyumbani eti huna wako. Sisi Wazanzibari tunapewa karatasi tano: Rais wa Zanzibar, mwakilishi, diwani, Rais wa Muungano na mbunge. Hakuna palipoandikwa zote tano ziende chama kimoja. Mie diwani namtazama taka na maji ya mtaani, mwakilishi namtazama alisema nini Barazani miaka mitano, na urais naupima kwa yale mambo yangu niliyoyataja juu. Ukitoka pale usimwambie mtu, hata ukibanwa na mamaako mzazi. Mume wangu hajui karatasi zangu nilizigawaje, na zake sijawahi kumuuliza.