Mishale ya IP3 haitoshi: kwa mnaoingia maabara

Mnaofika Chiromo, kampasi ya Chuo Kikuu cha Nairobi, kuanza uzamili wa baiokemia huja na mnyororo mmoja kichwani: homoni inagusa kipokezi, kipokezi kinaamsha kimeng'enya fosfolipesi C, IP3 (inositoli yenye fosfeti tatu) inazaliwa, kalsiamu inatoka. Mnyororo huo ni wa kweli, na umewapitisha mitihani. Kwenye kazi ya maabara hautawafikisha mbali, kwa sababu unataja nani anamfuata nani na kunyamaza kuhusu kiasi, mahali na muda. Kila molekuli mtakayokutana nayo katika ukoo huu wa inositoli fosfeti, ulizeni: iko wapi, iko kiasi gani, na nani anaiondoa? Swali la mwisho ndilo husahaulika.

Tuanze na kiasi. Katika seli iliyotulia, kalsiamu huru kwenye sitosoli, yaani majimaji ya ndani ya seli, ni kama nanomola 100 kwa lita. Nje ya seli inapita milimola 1 kwa lita. Tofauti ni ya mara 10,000 hivi, na seli hutumia ATP usiku na mchana kuilinda. Ndiyo sababu chaneli chache zikifunguka kwenye retikulamu ya endoplazimu, ambako kalsiamu nyingine imewekwa akiba, athari yake ni kubwa mara moja.

IP3 hutokana na PIP2, lipidi iliyo haba mno katika tabaka la ndani la utando. Fosfolipesi C ikiikata, vipande viwili huachana. Diasiligliseroli hubaki utandoni na kuvuta protini kinesi C, kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye protini nyingine. IP3, yenye chaji nyingi za fosfeti na isiyopatana na mafuta, husambaa majimaji ya seli hadi ikutane na kipokezi chake. Kipokezi hicho kina sehemu nne, na zote nne lazima zishike IP3 ndipo chaneli ifunguke. Nne! Michoro ya vitabu huonyesha molekuli moja ikimaliza kazi yote, na hapo huwapotosha watu. Baada ya sekunde chache, fosfatesi huing'oa fosfeti ya nafasi ya 5, au kinesi huongeza fosfeti ya nne, na ujumbe umekwisha. Hata homoni ikiendelea kuwapo, seli nyingi huipandisha kalsiamu na kuishusha kwa mawimbi. Katika seli za ini, homoni ikiongezwa mawimbi hufuatana upesi zaidi, huku kimo cha kila wimbi kikibaki karibu vilevile.

Someni makala za zamani, hata kama msimamizi anawahimiza mtaje za miaka mitano iliyopita tu. Mwaka 1953 Mabel na Lowell Hokin walikuta kwamba vipande vya kongosho la njiwa vikipewa asetilikolini huingiza fosfeti yenye mnururisho kwenye lipidi. Robert Michell akapendekeza mwaka 1975 kwamba kuvunjwa kwa lipidi hizo kunafungamana na kalsiamu. Mwaka 1983 Streb, Irvine, Berridge na Schulz wakaonyesha IP3 ikitoa kalsiamu kwenye ghala la ndani lisilo mitokondria, tena katika seli za kongosho. Berridge alikuwa amejenga sehemu kubwa ya hoja zake kwa tezi za mate za nzi. Ninyi mlio mji mmoja na icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu ya Kasarani, aliyoianzisha Thomas Odhiambo mwaka 1970, msione haya kufanya utafiti na mdudu.

Sasa kazi ya mikono. Mkipima IP3 yenyewe, simamisheni seli kwa asidi baridi, kwa mfano pakloriki, papo hapo. Ukisema unakwenda kwanza kutafuta barafu, kimeng'enya kimekwisha kuila. Wengi hukwepa taabu hiyo kwa lithiamu. Lithiamu huzuia fosfatesi inayomaliza uvunjaji, basi IP1, inositoli iliyobaki na fosfeti moja, hurundikana na kupimika kwa utulivu. Njia nzuri, ila kumbukeni mnahesabu mabaki yaliyokusanyika, wala hamtajua mawimbi yalikuwaje.

Mkiona kalsiamu imepanda, msikimbilie kuandika IP3. Rudieni na EGTA, kemikali inayonasa kalsiamu, nje ya seli: ikipanda bado, imetoka ndani. Fanyeni upesi, maana ghala nalo huvuja. Kisha limalizeni ghala kwa thapsigajini, inayozuia pampu ya kulijaza, kabla ya homoni mwone kama jibu linapotea. Dawa ya U73122 inayosifiwa kuzuia fosfolipesi C ina tabia nyingine nyingi. Bila U73343, pacha wake asiye na nguvu hiyo, pembeni, mimi siiamini grafu yako. Na friza iwe na mtu wa kuiangalia stima ikipotea wikendi. Vitendanishi hivi huagizwa ng'ambo, na kungoja vingine ni mateso.

Nafasi za fosfeti zinachosha lakini hazikwepeki: pete ya inositoli yenye kaboni sita inaweza kubeba fosfeti kwa mipangilio 63. Ili kuzikumbuka nafasi hizo, mwanabaiokemia Bernard Agranoff aliifananisha pete na kobe: kichwa ni nafasi ya 2, mguu wa mbele wa kulia ni 1, kisha unazunguka kupitia kichwani, mkia ukawa 5. IP3 yetu ni 1, 4, 5. Mchoreni kobe huyo kwenye daftari ya maabara.

Msiishie hapo kwenye tatu. IP6 ndiyo asidi ya fitiki, akiba ya fosfeti katika mbegu, hivyo imo kwenye mahindi na maharagwe ya githeri, ambako hunasa chuma na zinki. Imo pia ndani ya seli zetu wenyewe, na ni kiungo cha muundo katika baadhi ya protini.

Anayepewa mradi wa tripanosoma, vimelea vya ugonjwa wa malale, asinakili itifaki ya seli za mamalia. Katika Trypanosoma brucei, kipokezi cha IP3 kilikutwa mwaka 2013 kwenye asidokalsisomu, vifuko vyenye asidi, wala si kwenye retikulamu. Thapsigajini hulenga pampu ya retikulamu, kwa hiyo jaribio la kumaliza ghala nililolieleza juu halitawajibu hapo. Anzeni kwa kuvuruga asidi ya vifuko hivyo, kwa naijerisini kwa mfano, na kipimo cha EGTA kibaki palepale.