Nikenda mchakamchaka keshokutwa siinuki, niendelee?

SWALI: Assalaamu alaykum Mama. Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi hapa Wete. Mwaka jana niliugua homa kali. Homa ikaondoka, nguvu hazikurudi. Nalala usiku kucha na naamka nimechoka vile vile. Nikisimama ubaoni muda mrefu nashikwa na kizunguzungu, na somo nililolizoea linanipotea mdomoni. Baada ya zaidi ya miezi sita na vipimo vingi, daktari akaniambia nina ugonjwa wa uchovu sugu. Mume wangu na mawifi zangu wanasema nimebweteka, nifanye mazoezi. Nikajiunga na kikundi cha mchakamchaka cha asubuhi. Siku hiyo huwa sijambo, lakini keshokutwa yake siinuki, mwili wote unauma, hata mwanga wa dirishani unanikera. Nikipata nafuu narudi, na mambo ni yale yale. Niendelee mpaka mwili uzoee?
Mwalimu, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam mwanangu. Usiendelee. Mchakamchaka uache kuanzia leo.

Huko kuanguka kwako keshokutwa ndiyo alama kubwa ya maradhi haya. Watu wengine mwili wao hupata nguvu kwa mazoezi. Mwenye uchovu sugu akizidisha, maradhi huamka, mara nyingi baada ya saa 12 hadi 48, na yanaweza kumlaza siku kadhaa au wiki nzima na zaidi. Wala si kukimbia peke yake. Rundo la madaftari ya kusahihisha linatosha, au kukesha kwenye harusi, au ugomvi wa nyumbani. Kwa kuwa adhabu huja kwa kuchelewa, wengi hawaijui sababu yake.

Kazi yangu ni mazoezi ya tiba, na navipenda vikundi vyetu vya mazoezi kwa dhati. Mwenye sukari au presha mimi mwenyewe humhimiza ajiunge. Wewe maradhi yako ni mengine. Hata wataalamu walilikosea jambo hili: Uingereza, mwongozo wa mwaka 2007 wa NICE, taasisi inayotoa miongozo ya matibabu huko, ulipendekeza wagonjwa waongezewe mazoezi hatua kwa hatua kwa ratiba, na wagonjwa wengi wakasema yamewazidishia. Oktoba 2021 ukatoka mwongozo mpya unaosema mpango wa namna hiyo wasipewe. Msomee mumeo sehemu hii, tena kwa upole, maana naona anakutakia mema.

Sasa ufanye nini? Chukua daftari, wiki mbili andika kila ulichofanya na hali yako ya siku mbili zilizofuata. Utaona mpaka wako uko wapi. Kisha ishi chini ya mpaka huo, na zaidi siku unayojisikia mzima, kwani siku hiyo ndiyo watu hufua, wakapiga deki, wakapika na kwenda kumtazama mgonjwa, kisha wakalala wiki.

Chukulia kukuna nazi. Kaa kwenye mbuzi, ukune kifuu kimoja, kingine ukiweke. Nenda kalale chali, macho umefumba, simu iwe mbali. Pumzika kabla hujachoka. Ukingoja uchoke umeshachelewa. Baadaye ndiyo umalizie, au mpe mtoto amalizie. Nguo zigawe, za leo chache na za kesho chache. Skuli, muombe mwalimu mkuu kiti cha kusomeshea na vipindi visivyofuatana. Kuoga, kaa kwenye kibao. Kuinuka kitandani, kaa kwanza mpaka kichwa kitulie, na kunywa maji ya kutosha. Sala nayo ina ruhusa, asiyeweza kusimama husali amekaa, na hilo lisikutie unyonge.

Viungo visikakamae, lakini anzia kitandani. Kunja na kunyoosha vifundo vya miguu, inua mkono mmoja kisha wa pili, mara tatu nne, basi. Ukiwa sawa siku mbili zinazofuata, baki hapo hapo muda mrefu kabla ya kuongeza kidogo sana. Ukianguka, punguza, wala usijilaumu. Dawa ya kuyaponyesha maradhi haya haijapatikana. Wapo wanaopata nafuu kubwa na wapo wanaobaki hapo walipo, na hao wote hujihifadhi kwa njia hii.

Jambo moja la kumuuliza daktari wako: je, walipima wingi wa damu, sukari, tezi ya shingo, na kichocho? Pemba kichocho tunakijua, na kinaweza kumpunguza mtu damu akachoka. Na likizuka jipya, kama kifua kuuma, pumzi kukatika, kukonda au homa za usiku, usiseme ni uchovu ule ule. Nenda hospitali.

Mawifi wakija alfajiri kukuchukua, waambie msaada unaoutaka ni kuchotewa maji na kufuliwa mashuka. Wiki mbili za daftari zikitimia, niandikie tena unieleze umeona nini.