Kabla Hujaanza Kuokoa Faili za Mteja

Nyinyi mnaoanza ufundi wa kompyuta hapa Chake Chake, mteja akileta flashi yake muulizeni kwanza: tangu faili zipotee, umeifanyia nini? Mpiga picha wa harusi atakwambia "sijaigusa, fundi", kumbe kaenda kupiga harusi nyengine kwa memori kadi ileile. Muulize tena, kwa upole.

Faili ikifutwa kwenye kadi au flashi, kinachoondoka ni anuani yake tu. Yaliyomo yanabaki mpaka kitu kipya kiandikwe juu yake. Basi usiandike kitu humo: programu ya kuokolea iweke kwenye kompyuta yako, na utakachokipata kihifadhi kwengine. Windows ikiomba kufomati, kataa. Kwa SSD (diski za kisasa zisizo na sehemu inayozunguka) mambo ni mengine. Kwa kawaida hujisafisha zenyewe muda mfupi baada ya kufuta, kwa hiyo usimpe mtu matumaini makubwa.

Lakini angalia kama faili zimepotea kweli. Walimu wa skuli huleta flashi ya GB 8 yenye shotikati (njia za mkato) tupu, na ukitazama nafasi unakuta GB 6 zimejaa. Mtihani umo humo humo, kirusi kauficha. Usibofye shotikati hata moja. Fungua Command Prompt (dirisha la Windows la kuandikia amri), na kama flashi imesoma kwa herufi E, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Bonyeza Enter, subiri. Mara nyingi faili hutokea ndani ya folda isiyo na jina. Nakili nyaraka na picha tu, faili yenye jina linaloishia na .exe, .vbs au .lnk iache ilipo. (Na kompyuta ya mwalimu huenda nayo ina kirusi, mwambie ailete.)

Zilizofutwa kweli, mimi huanza na programu ya TestDisk, maana ikifanikiwa hurudisha faili na majina yake. Ikishindwa ndipo PhotoRec. Zote mbili ni za bure. PhotoRec hutambua faili kwa muundo wake, majina haiyarudishi. Kwa picha si tatizo, tarehe ya kupigwa kwa kawaida imo ndani ya picha yenyewe. Kwa mhasibu mwenye mamia ya nyaraka ni adhabu: atazifungua mojamoja. Mwambie hayo kabla ya kupatana bei.

Na hard disk inayogongagonga, izime papo hapo. Hiyo haitaki programu, na usiifungue mezani kwako, vumbi litaimaliza. Mrudishie mwenyewe, umweleze kuwa inataka maabara maalumu.