Maswali ya Wasomaji: Mabinti na Mieleka ya Mtindo Huru

Tangu tuguse habari za mieleka ya wanawake, barua zinazidi kuja, nyingi kutoka kwa wachezaji wa judo na wazazi wao. Tumechagua nne.

Nina miaka 19, nacheza judo hapa Jang'ombe. Nataka kuhamia mieleka ya mtindo huru nifike mashindano ya kimataifa. Judo yangu itanifaa? (Mchezaji, Unguja)

Itakufaa kwenye kurusha, itakuponza miguuni. Tangu kanuni za judo zilipopiga marufuku kabisa kushika miguu, mwaka 2013, wachezaji wamezoea kusimama wima na mguu wa mbele umeachwa wazi. Katika mieleka mguu huo ndio wa kwanza kuvamiwa. Miezi yako ya mwanzo itumie kushusha kimo: magoti yamekunjwa, nyonga nyuma kidogo, viwiko vimebana mbavu, kichwa juu.

Shambulio la kwanza la kujifunza ni kuvamia mguu mmoja. Shuka kwa magoti, usiiname kwa kiuno. Piga hatua ndefu, goti la mbele liguse mkeka kati ya miguu ya mpinzani, na mguu wako wa nyuma uje mara moja. Sikio lako libane mbavu zake upande wa ndani. Mikono ifungwe nyuma ya goti lake, kiganja kwa kiganja; ukipachanisha vidole ataweza kukuvunja kimoja. Kisha usisukume mbele tu, zunguka kuelekea ubavuni mwake. Kosa la karibu kila anayeanza ni kunyoosha mikono kutoka mbali. Mpinzani anatupa miguu nyuma, anakulalia mgongoni, anazunguka nyuma yako na kuchukua pointi 2 ulizozitafuta wewe. Kosa la pili ni kuinamisha kichwa, maana hapo anakifunga kwapani na huchomoki.

Chini ndiko kugumu zaidi kwa mtu wa judo. Umezoea kulala kifudifudi na kujikunyata ukisubiri refa asimamishe. Huku mpinzani anakufunga kiuno na kukubiringisha, na kila mara mgongo wako ukielekea mkeka anapata pointi 2. Kuangushwa 2, kubiringishwa mara nne 8, jumla 10: tofauti ya pointi 10 inamaliza pambano, hata kama imepita dakika moja tu kati ya zile sita (raundi mbili za dakika tatu, mapumziko sekunde 30). Tanua miguu, kifua kibane chini, pigania mikono yake kabla haijakutana tumboni.

Na ukiwa chali hakuna kuhesabiwa sekunde 20 kama kwenye judo. Mabega yote mawili yakibanwa kwenye mkeka kitambo kidogo tu, refa akaridhika, umekwisha, hata ukiwa unaongoza 9 kwa 0. Kwa hiyo rusho la tomoe-nage liache nyumbani: unajilaza mwenyewe chali, na zawadi anapata mwenzako. Uchimata (kurusha kwa kufagia paja la ndani) inakwenda, ila hakuna judogi, vazi la judo, la kushika. Pitisha mkono chini ya kwapa lake na umvute awe kifua kwa kifua. Ukimtoa wima hadi mgongoni unapata 4, na rusho kubwa la hewani ni 5. Kukaba koo na kuvunja kiwiko sahau kabisa. Pia kufunga shingo kwa mikono yote miwili iliyopita chini ya makwapa kumekatazwa kwa wanawake, ingawa utawaona wanaume wakifanya.

Njia ya mashindano ni hii. Zanzibar haina nafasi yake peke yake katika Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, hivyo wa Unguja na wa Pemba wote hupanda kwa bendera ya Tanzania, na jina lako lazima lipite shirikisho la taifa likuombee leseni ya United World Wrestling, shirikisho la mieleka la dunia. Mashindano ya wakubwa ni kuanzia miaka 20. Wa 18 na 19 huruhusiwa kwa cheti cha daktari na idhini ya mzazi. Kwa Olimpiki ya Paris 2024, mchujo wa Afrika na Oceania ulitoa nafasi mbili tu kwa kila uzito, yaani kwa waliofika fainali. Nafasi ni finyu, lakini Marwa Amri wa Tunisia alichukua shaba Rio 2016, medali ya kwanza ya Olimpiki kwa mwanamke wa Kiafrika katika mieleka, na Blessing Oborududu wa Nigeria akapata fedha Tokyo kwenye kilo 68.

Yule Mhindi aliyefika fainali Paris akatolewa kwa gramu mia, kwa nini hakupewa hata fedha? Na mimi nina kilo 55, nishuke 50 au 53? (Msomaji, Chake Chake)

Vinesh Phogat alipanda kilo 50, akashinda mapambano matatu siku ya kwanza, la mwanzo dhidi ya Yui Susaki wa Japani, bingwa wa Tokyo. Tangu 2018 kila uzito huchezwa siku mbili, na asubuhi ya pili wanaoendelea hupimwa tena kwa muda wa dakika 15. Alikesha akikimbia na kutoka jasho, nywele zikakatwa, mizani bado ikasoma gramu 100 zaidi. Kanuni iliyotumika Paris ilisema anayeshindwa kipimo cha pili anaondolewa na kuwekwa wa mwisho, kwa hiyo hapakuwa na fedha ya kumpa. Mahakama ya michezo ilikataa rufaa yake. Kabla ya hapo alikuwa akicheza kilo 53, na kwa maoni yetu habari yote imo humo: kushuka uzito ambao mwili haukubali ni deni, na deni hudaiwa asubuhi ya pili.

Uzito wa Olimpiki kwa wanawake ni 50, 53, 57, 62, 68 na 76. Wewe wa 55 usiiguse 50. Jipime asubuhi umetoka chooni, hujala, wiki mbili mfululizo. Ikiwa 55 ni ya asubuhi, lenga 53: kwanza shuka hadi 54.5 kwa chakula, si kwa jasho: punguza chipsi, mandazi na juisi za sukari, teremka nusu kilo kwa wiki na usizidi hapo. Kilo na nusu ya mwisho hutoka siku mbili kabla, kwa kupunguza chumvi na vyakula vya makapi (vyenye nyuzinyuzi) na kunywa kidogo jioni. Ukishapimwa siku ya kwanza, usirudishe kilo tatu kwa kula na kunywa: asubuhi ya pili unapimwa tena, na usingizi wa usiku mmoja hupunguza nusu kilo hadi kilo moja tu. Mashindano ya kawaida ya kimataifa mara nyingi huruhusu kilo 2 za ziada, ubingwa hauruhusu, basi usijipime kwa yale ya kawaida ukajidanganya.

Mwezi wa Ramadhani usipunguze uzito kwa kujinyima maji hata kidogo. Fanya mbinu nyepesi karibu na futari, na mazoezi mazito yasubiri baada ya tarawehe. Na hedhi ikikatika miezi mitatu, nenda hospitali: mwili umekosa chakula cha kutosha, na mifupa ndiyo hulipa.

Assalamu alaykum. Binti yangu ameanza, nina wasiwasi na mavazi, tena kaja na choa shingoni. (Mama, Wete)

Wa alaykum salaam, mama. Mazoezini avae suruali ya kubana, mikono mirefu na kilemba kilichoshonwa bila pini. Kwa mashindano, kocha aandikie waandaaji mapema, akiambatanisha picha ya vazi, apate jibu la maandishi. Kubishana mlangoni siku ya kupima hakusaidii.

Choa kichukuliwe kwa uzito. Wakati wa kupima uzito daktari hukagua ngozi, na mwenye choa kibichi huzuiwa. Apake dawa ya kuvu hata baada ya alama kufifia, aoge mara tu baada ya mazoezi, taulo na khanga yake asimwazime mtu. Mkeka nao ufutwe kwa maji ya dawa kila siku. Kucha zikatwe fupi, zinakaguliwa pia.

Skuli yetu haina mkeka. Tufanyeje? (Mwalimu, Kizimkazi)

Mkeka rasmi ni mita 12 kwa 12, gharama yake si ya skuli. Ninyi mna ufukwe, na mieleka ya ufukweni ni mchezo rasmi. Chomeka kijiti, funga kamba ya mita 3.5, zungusha: hiyo ndiyo duara ya mita 7. Pambano ni dakika 3, anayetangulia pointi 3 ameshinda. Kumsukuma nje ni 1, kumwangusha ni 1, kumweka mgongoni ni 3.

Chora duara juu ya alama ya maji kujaa, penye mchanga mkavu mwepesi. Ule ulioloa wakati wa kupwa ni mgumu kama sakafu, na bega huteguka hapo. Fukua kina cha kiganja mkitafuta vipande vya chupa, matumbawe na miiba ya urchini (kiumbe cha baharini chenye miiba) kabla ya kila mazoezi, kwani maji ya bamvua huleta vipya. Kubiringishana na kubana mabega msifundishe mchangani, unaingia machoni na kuchubua shingo. Hayo ombeni saa mbili kwa wiki kwenye tatami, yaani mikeka ya judo, za klabu iliyo karibu, mkitandaza turubai lililovutwa sana juu yake. Turubai likilegea, kidole cha mguu hunasa kwenye mkunjo na goti likajipinda.